Shajara ya mradi: kumtoa mtoto ndani ya wimbo wa silabi na namba, darasa la awali

Kabla ya kuanza

Machi mwaka jana mwalimu wa darasa la kwanza aliniita nikaone jambo. Alimsimamisha mbele yetu mtoto niliyemfundisha mimi mwenyewe mwaka mzima katika darasa la awali, mtoto niliyemwandikia kwa moyo mweupe kwamba anazijua silabi na anahesabu hadi hamsini, kisha akamwonyesha kadi moja yenye silabi «bo». Mtoto alitazama juu, akavuta pumzi, akaanza: ba, be, bi, bo. Hapo alikuwa amefika, lakini hakujua kwamba amefika, kwa sababu alipoulizwa tena kadi ile inasema nini aliendelea na «bu». Mwalimu akapanga mezani visoda saba, yaani vifuniko vya chupa za soda, akamwomba avihesabu, naye akavihesabu vizuri, kidole kikigusa kila kisoda, moja hadi saba. Alipoulizwa, «Haya, viko vingapi?» alirudi mwanzo na kuvihesabu upya. Aliulizwa mara ya tatu, akahesabu mara ya tatu.

Sikulala vizuri usiku ule. Mtoto yule hakuwa mzito wa kuelewa, wala hakuwa mtoro. Alikuwa amejifunza kwa uaminifu kile hasa nilichomfundisha, nami nilikuwa nimemfundisha nyimbo mbili, mmoja wa silabi na mmoja wa namba, bila kumfundisha namna ya kutoka ndani yake. Mradi huu umetokana na siku ile.

Darasa letu limo katika shule ya msingi ya serikali, katika kijiji cha Wagogo magharibi mwa jiji la Dodoma. Watoto walioandikishwa mwaka huu ni 63, mwalimu ni mmoja, na chumba ni kimoja chenye jamvi na madawati machache yaliyotuzidi kimo. Wanaokumbuka Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, ulioondoa ada na michango ya lazima, wanakumbuka pia Januari 2016 jinsi watoto walivyofurika madarasani, na furaha ile haijapungua hata leo, ingawa uwiano unaotakiwa katika awali wa mwalimu mmoja kwa watoto 25 bado tunausoma kwenye karatasi. Mtaala ulioboreshwa, ambao darasa la awali lilikuwa miongoni mwa madarasa ya kwanza kuutekeleza mwezi Januari 2024, unasisitiza umahiri, yaani mtoto aonekane anatenda jambo, na mimi nimeamua kulichukua neno hilo kwa uzito wake wote. Ninaandika kwa ajili ya walimu wenzangu wa awali walio na chumba kama changu.

Januari, wiki ya kwanza na ya pili

Nimeanza kwa kumpima kila mtoto peke yake, chini ya mwembe, wakati wenzake wakicheza na bibi mmoja wa kijijini ambaye kamati ya shule imekubali anisaidie siku tatu kwa wiki. Kipimo cha hesabu ni chepesi na hakihitaji karatasi: ninaweka sinia lenye visoda 15, nakaa chini tukitazamana, namwambia, «Nipe viwili,» kisha vitatu, kisha vitano, kisha vinane. Kipimo hiki kinajulikana sana katika utafiti wa watoto wadogo, na Karen Wynn alipokitumia katika kazi yake ya mwaka 1990 alionyesha jambo ambalo kila mwalimu wa awali anapaswa kulijua: mtoto huijua moja kwanza, kisha baada ya muda huijua mbili, kisha tatu, hatua kwa hatua, hata kama mdomo wake tayari unahesabu hadi kumi. Kabla yake, mwaka 1978, Rochel Gelman na C. R. Gallistel walikuwa wametenganisha kanuni zilizomo ndani ya kitendo kimoja cha kuhesabu: kila kitu kipewe neno moja tu la namba, maneno yafuatane kwa mpangilio usiobadilika, na neno la mwisho kutamkwa ndilo liseme idadi ya vitu vyote. Mtoto wa Machi alikuwa na kanuni mbili za mwanzo. Ya tatu hakuwa nayo, nami sikuwahi kumtazama kwa jicho hilo.

Matokeo yamenipa picha iliyo wazi. Zaidi ya nusu ya watoto wanatamka moja hadi kumi bila kukosea, lakini wengi wao nikiwaomba visoda vitano wanachota ukufi mzima na kunimwagia mkononi huku wakitabasamu. Wengine wananipa kimoja kimoja huku wananitazama usoni waone nitasema basi lini. Mmoja wa kike, mdogo kuliko wote, alinipa vitano sawasawa, akavirudisha sinia, akanipa tena vitano vingine, kana kwamba anataka kunihakikishia.

Kipimo cha kusoma kilikuwa kifupi zaidi, kwa sababu watoto ndio kwanza wanafika shuleni. Niliwauliza tu kama neno «mama» na neno «maji» yanaanza kwa sauti moja. Karibu wote walinijibu kwamba mama hanywewi. Jibu lao lilikuwa la maana, kwani walikuwa wanafikiria vitu vyenyewe, wala hawajajua bado kwamba neno nalo ni kitu kinachoweza kuchunguzwa.

Jambo la zana: visoda vina kingo kali, na siku ya pili mtoto mmoja alikwaruzwa kidole. Nimevigonga vyote kwa nyundo vikawa bapa. Mbegu za ubuyu, ambazo hapa kwetu ni za bure na watoto wanazipenda, nimeziondoa kabisa, kwa sababu mvulana mmoja aliingiza mbegu puani na ilituchukua nusu saa ya hofu kumfanya apige chafya ikatoka.

Januari, wiki ya tatu

Nimegundua kosa katika kipimo changu, na ni kosa la lugha. Kwa watoto kadhaa nilikuwa nimesema «nipe tatu», na kwa wengine «nipe visoda vitatu», bila kufikiri. Nilipowarudia walioshindwa, baadhi yao walibadilika kabisa kulingana na nilivyouliza.

Sisi watu wazima hatulioni hili, lakini mtoto anayejifunza namba kwa Kiswahili hajifunzi neno moja kwa kila namba. Anaimba «moja, mbili, tatu», kisha anasikia kisoda kimoja, jiwe moja, mtoto mmoja. Visoda viwili, mawe mawili, watoto wawili, miti miwili. Neno «mbili» la wimbo na «-wili» la mazungumzo hata sura havifanani vizuri. Kisha anafika sita, saba, tisa na kumi, akakuta hazibadiliki kamwe: watoto sita, visoda sita, mawe sita. Sita, saba na tisa zimetoka Kiarabu, zikachukua nafasi ya maneno ya kale ya tandatu, fungate na kenda. Fungate tumebaki nayo katika siku saba za maarusi, na kenda bado utaisikia kwa wazee. Watoto wangu nyumbani wanazungumza Kigogo, ambacho nacho ni lugha ya Kibantu na nacho hupatanisha namba na nomino, kwa hiyo wazo lenyewe la upatanisho si geni kwao hata kidogo. Kilicho kigeni ni viambishi vya Kiswahili na kujua kwamba «vitatu» niliyoomba ndiyo «tatu» waliyoiimba.

Tangu wiki hii, kila tunapohesabu, tunamaliza kwa sentensi nzima. Tunagusa visoda: moja, mbili, tatu. Kisha mkono unazunguka juu ya vyote na darasa linasema: «Visoda vitatu.» Mkono ule wa kuzunguka ni muhimu kuliko nilivyodhani. Unawaonyesha kwamba neno la mwisho halikuwa jina la kisoda cha mwisho.

Januari, wiki ya nne: shimo na mbegu

Hii ndiyo wiki iliyonifundisha zaidi, nami nitaieleza kwa kirefu.

Tulikuwa na kikao cha wazazi. Nilimweleza mama mmoja, kwa uangalifu nisimvunje moyo, kwamba mwanawe wa kiume bado hajaelewa hata mbili, kwa sababu nikimwomba visoda viwili ananipa ukufi. Mama alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, «Mwalimu, huyu mbona shambani hakosei? Ndiye anayenidondoshea mbegu.» Wazazi wengine wakaitikia. Msimu wa kupanda mahindi, mama anatangulia na jembe akichimba mashimo, na mtoto anafuata nyuma na kibuyu au kopo, anadondosha mbegu mbili kila shimo, na mtu wa tatu anafukia. Mtoto akitia tatu, mbegu zitawaishia kabla ya shamba kwisha. Akitia moja na isiote, kutakuwa na kazi ya kurudishia. Kwa hiyo mtoto wa miaka mitano hapa kijijini amekwisha kufanya kazi ya hesabu inayobeba chakula cha nyumbani, na ameifanya kwa maelfu ya mashimo.

Kesho yake nilichimba mashimo kumi madogo katika mchanga nyuma ya darasa, nikampa mvulana yule kopo la visoda. Sikumwambia «nipe». Nilimwambia, «Panda viwili viwili.» Alitembea mstari mzima bila kusita, mgongo umeinama kama mtu mzima, viwili, viwili, viwili, hadi shimo la kumi. Nikaomba apande vitatu vitatu. Alisimama. Alitia viwili katika shimo la kwanza, akanitazama, akaongeza kimoja, akasema kwa sauti ya chini, «Vitatu.» Shimo la pili alifanya hivyohivyo: viwili kwanza, kisha kimoja. Mtoto niliyemwandikia kwamba hajui mbili alikuwa amejenga tatu kutokana na mbili, mbele ya macho yangu, bila wimbo wowote.

Nimefuta nilichokuwa nimeandika kwenye jedwali langu kuhusu mtoto huyu na wenzake sita. Kipimo changu hakikuwa kibaya, lakini kilikuwa kinapima pamoja na namba jambo jingine, yaani kama mtoto ameelewa kwamba mwalimu aliyekaa na sinia anataka idadi kamili. Nyumbani kwao mkubwa akisema «nipe karanga» mtoto mwenye adabu hahesabu, anachota kwa ukarimu.

Mashimo sasa ni kona ya kujifunzia kama zilivyo kona nyingine. Kuna mstari wa mashimo matano na mstari wa mashimo kumi, na kila asubuhi kadi yenye tarakimu inachomekwa mwanzoni mwa mstari: leo ni 3, kesho ni 4. Tarakimu imepata kazi ya kufanya, nayo ni kuuambia mkono upande ngapi.

Februari

Mvua imekuwa nyingi wiki mbili hizi. Watoto wanaovuka korongo hawakuja kwa siku nne, na siku zilizobaki mabati yalipiga kelele kiasi kwamba mtoto wa mstari wa pili hasikii sauti yangu. Kazi ya sauti haiwezekani. Nimetumia siku hizo kwa kadi za nukta: ninainua kadi yenye nukta tatu kwa muda wa kupepesa jicho, ninaishusha, nao wanainua vidole. Nukta mbili na tatu wanaziona papo hapo bila kuhesabu. Nne zinategemea zilivyopangwa. Tano zilizopangwa kama kwenye uso wa dadu wameziweza baada ya siku chache, na tano zilizotawanyika bado ni mtihani. Darasa zima lilikuwa kimya, vidole juu, mvua inanguruma, na nakiri kwamba zilikuwa siku nzuri kuliko nilivyotarajia.

Februari mwishoni: mbuyu na mbuzi

Tumeanza makofi ya silabi. Kiswahili ni lugha yenye huruma kwa msomaji mdogo: irabu ni tano, kila moja ina sauti yake isiyobadilika, na silabi nyingi zinaishia kwa irabu, kwa hiyo mtoto aliyeshika sauti za herufi ana njia iliyonyooka hadi kwenye neno. Nilianza na majina yao wenyewe, kofi moja kwa kila silabi, na kufikia siku ya tatu hata wale wenye haya walikuwa wanapiga makofi majina ya wadogo zao.

Kisha nikatia mtego bila kujua. Nilichukua maneno mawili ya vitu vinavyoonekana kutoka dirishani, mbuyu na mbuzi. Nikapiga «mbu-yu», makofi mawili. Mtoto mmoja wa kike akatikisa kichwa na kupiga matatu: m-bu-yu. Nikamwomba arudie, akarudia matatu. «Na mbuzi?» Akapiga mawili: mbu-zi. Nilitaka kumsahihisha, kisha nikajisikiliza mwenyewe nikitamka, na nikaona kwamba sikio la mtoto lilikuwa sahihi na chati yangu ya ukutani ilikuwa imenidanganya. Katika mbuyu, «m» ni kiambishi, wingi wake ni mibuyu, na inasimama kama silabi yenyewe. Katika mbuzi, «mb» inatamkwa kwa pamoja, na wingi ni mbuzi vilevile. Herufi ni zilezile, lakini mdomo unafanya kazi tofauti.

Nimeandika tukio hili kwa sababu linaonyesha kwa nini tunapaswa kuanza na sikio kabla ya chati. Mtoto aliyeanza na chati atayasoma maneno yote mawili kwa namna moja na kutegemea bahati. Mtoto aliyeanza na sikio anafika kwenye maandishi akiwa tayari anajua neno linavyosikika, na maandishi yanakuwa kumbukumbu tu ya kile anachokijua. Alasiri ile tuliyapanga maneno mengine ya namna hiyo: mtoto, mlima na mkono upande mmoja, ndege, ng'ombe na mbegu upande mwingine. Bibi msaidizi, ambaye hajui kusoma, alikuwa wa kwanza kutambua «mpini» unakaa upande gani.

Machi

Hapa nilikosea, na kosa hili lilichukua wiki mbili kulirekebisha. Kwa kuwa ugonjwa niliouona ulikuwa wimbo, niliamua kuuondoa wimbo kabisa. Nikaifunika chati ya ba-be-bi-bo-bu kwa khanga, nikakataza kuimba namba, nikatumia kadi zilizochanganywa tu. Watoto walinywea. Waliokuwa wanakimbilia darasani walianza kuchelewa kutoka kwenye uji, na wale walio nyuma zaidi, ambao wimbo ulikuwa mahali pekee wanapojisikia sawa na wenzao, walinyamaza kabisa. Nilikuwa nimewanyang'anya fimbo ya kutembelea kabla miguu haijakaza.

Wiki iliyofuata nilifunua chati na tukaimba tena, lakini wimbo sasa una milango mingi. Ninasema, «Anzeni na bi,» nao wanaimba bi, bo, bu. Ninasema, «Rudini nyuma kutoka bu.» Ninaimba, nanyamaza ghafla, na anayesimama mbele anaonyesha kadi ya silabi tuliyoishia. Namba nazo ni hivyohivyo: mtoto mmoja anaficha visoda vinne chini ya kopo, wote wameviona vikiingia, kisha anaongeza viwili vinavyoonekana, na darasa linatakiwa kuendelea kutoka nne: tano, sita. Mwanzoni karibu wote walirudi kwenye moja. Kopo ndilo lililowasaidia, kwa sababu vilivyo chini ya kopo haviguswi, na mtoto analazimika kuviamini.

Mchezo wa mdako umeingia darasani kwa njia hii pia. Wasichana wanaujua tangu nyumbani: jiwe moja linarushwa juu, na kabla halijashuka unatoa mawe shimoni na kurudisha yote isipokuwa idadi inayotakiwa kwa zamu hiyo. Hakuna nafasi ya kuimba kuanzia moja wakati jiwe liko hewani. Wavulana walisita siku mbili, kisha wakaingia.

Aprili na Mei

Mahudhurio yameshuka. Mtama na uwele vinakomaa, na watoto wengi wanatumwa kuamia ndege tangu alfajiri. Sikuwalaumu wazazi, kwa maana kundi la kweleakwelea likitua shambani asubuhi moja linaweza kumaliza chakula cha miezi. Niliomba kwenye kikao kwamba watoto wa awali waachiliwe angalau saa tatu hadi saa tano, na kaya nyingi zimekubali. Kwa wanaokosa siku nzima, kaka na dada zao wa darasa la tatu wanachukua kadi tano za silabi wakiwa nazo mfukoni, wakacheze nao juu ya kichanja.

Kazi ya kuandika imekwenda polepole, na nimeiacha iende hivyo. Tunaandika mchangani kwa kidole, kisha kwa kijiti, kisha kwa chaki kwenye sakafu, na daftari ni la mwisho. Kila mtoto alianza na jina lake. Kuchanganya b na d ni jambo la kawaida kwa umri huu, nami sikulifanyia adhabu wala kicheko. Nimewapa njia ya mkono tu: b inaanza kwa mti, kisha tumbo, d inaanza kwa tumbo, kisha mti. Mpangilio wa kujongeza mkono unakumbukwa kuliko picha.

Silabi tulizoziweza vizuri ni za m, k, t, b na l pamoja na irabu zote. Ni chache kuliko nilizokuwa nimefundisha mwaka jana kufikia Mei, na mwalimu wa taaluma alipopitia azimio langu la kazi aliniuliza kwa upole kama nitamaliza. Nilimwomba achague kadi zozote tano mwenyewe, azichanganye, na amwite mtoto yeyote. Aliwaita wanne. Watatu walisoma kadi zote moja kwa moja. Wa nne alisoma tatu, akasita kwenye «le», akaigusa irabu kwa kidole, akasema «e», akarudi kwenye l, akasema «le». Mwalimu wa taaluma alikaa nusu saa zaidi kuliko alivyopanga.

Julai na Agosti

Baada ya likizo ya Juni tumefika kwenye namba zinazovuka kumi, na hapa lugha yetu inatubeba tena. Kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu: neno lenyewe linasema jinsi namba ilivyojengwa, tofauti na Kiingereza ambacho mtoto wake lazima akariri maneno mapya kwa 11 na 12. Tumefunga vijiti kumi kumi kwa kamba ya katani. Kifungu kimoja na vijiti vitatu pembeni, watoto wanasoma wenyewe: kumi na tatu. Kikwazo ni ishirini, ambayo haina «kumi» wala «mbili» ndani ya sauti yake. Kwa wiki moja tuliita vifungu viwili «makumi mawili» na kusema kila mara, «makumi mawili ni ishirini.» Bibi aliwaeleza pia kwa Kigogo, na nikaona nyuso zikifunguka.

Kuandika 13 ni shughuli nyingine. Wengi waliandika 103, kumi kisha tatu, kama wanavyosikia. Nimetengeneza kadi ya 10 pana na kadi ya 3 nyembamba inayolala juu ya sifuri. Mtoto anaifunika sifuri, anaona 13, anaifunua, anaona kwamba sifuri bado ipo chini yake.

Wiki ya mwisho ya Agosti

Nimerudia kipimo cha Januari chini ya mwembe uleule, safari hii nikiwa makini na maneno: «Nipe visoda vitano.» Watoto waliohudhuria ni 58. Walio wengi walinipa vitano na vinane wakihesabu, wakasimama wenyewe, na nilipouliza «Viko vingapi?» hawakuanza upya. Mvulana wa mashimo alinipa vinane kwa kutenga viwili viwili mara nne, midomo yake haikutikisika. Kadi za silabi zilizochanganywa zimesomwa na zaidi ya nusu ya darasa, na maneno mafupi kama «mama», «kaka», «bata» na «meli» yamesomwa na wengi kati ya hao. Yule wa kike wa makofi matatu alisoma «mbuyu» aliyoandikiwa mchangani na akaitamka inavyopaswa.

Watoto sita bado wananipa ukufi. Wawili kati yao walikosa muhula mwingi kwa sababu ya malaria na kuhama, mmoja nina wasiwasi kwamba hasikii vizuri sikio la kushoto na nimewaomba wazazi wampeleke zahanati, na watatu sijawaelewa. Hao watatu wanahesabu kwa sauti kubwa kuliko wote. Nimewapangia nusu saa kila siku kabla ya uji, mimi nao peke yetu, na bibi atashika darasa. Jumatatu nitaanza nao kwenye mashimo, na visoda vitabaki ndani ya kopo hadi nione wanapanda viwili viwili hadi mwisho wa mstari.